Sauti Arobaini na Moja

Hamoudi aliingia dukani bila salamu, na hapo hapo Shufaa akajua kuwa kuna jambo limeharibika. Kijana huyu alikuwa na adabu ya kupitiliza. Hata akija kununua kalamu ya risasi alisimama kwanza mlangoni, akapiga hodi kwenye duka lililo wazi, akauliza habari za asubuhi, za nyumbani, za wazee, na hata za paka wa jirani. Jumamosi hii aliupita mlango moja kwa moja, akaja kusimama mbele ya meza, macho yamemwiva.

"Umefanya nini, Shufaa?"

Shufaa alikuwa akimtolea mama mmoja nakala za cheti cha kuzaliwa. Alizipanga, akazibana kwa pini, akamkabidhi. Yule mama alitoka kwa hatua fupi fupi za mtu asiyetaka kukosa neno.

"Nimefanya nini wapi?"

"Kwenye CD ya baba. Mama ameiweka redioni leo asubuhi, sauti hazimo."

"Hazimo zipi?"

"Zote! Arobaini na moja zote. Imebaki moja tu, hiyo uliyoiongeza jana, ambayo hata mimi sikuijua."

Shufaa alikaa. Alilikalia boksi la karatasi, kiti kikiwa kando yake.

Ili uelewe kwa nini binti mzima, mwenye duka lake la stesheneri hapa mtaani Dunda na ulimi ambao haujawahi kukosa jibu, alikaa namna ile, inafaa uijue hiyo CD. Mzee Zayed, baba yake Hamoudi, alilazwa Dar es Salaam wiki saba kabla ya kufariki. Hakuwa mtu wa kuandika ujumbe. Alibonyeza simu akasema. Alisema asubuhi, alisema baada ya dawa, alisema hata akiwa hana la kusema. Mke wake, Bi Khairat, goti lilimzuia safari za mara kwa mara, na simu za kupangusa kwa kidole hazitaki, kwa hiyo sauti zote zilikwenda kwenye simu ya Hamoudi: mwambie mama yako hivi, mwambie mama yako vile. Mzee alipoondoka, Bi Khairat akakaa eda, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, nguo nyeupe, bila manukato wala hina. Akaomba kitu kimoja tu. Alitaka sauti za mumewe ziwekwe kwenye CD, azisikilize kwenye redio yake kuukuu ya mezani.

Akaweka na sharti. Sauti ya mume wake isibaki kwenye kompyuta ya dukani ikaja kusikilizwa na wapita njia. Isibaki hata kwenye simu ya Hamoudi, inayolala juu ya meza za watu. Simu ya marehemu mwenyewe ilishatolewa sadaka pamoja na nguo zake. "Ni amana," alituma neno. "Ukishaiweka, futa." Shufaa alifuta. Kila Ijumaa baada ya sala Hamoudi alileta CD na sauti tatu au nne alizozitafuta huko nyuma kwenye simu, Shufaa akaziongeza juu ya zile za zamani, wakafuta wote wawili wakitazamana. Ijumaa kumi na tatu. Na kama unadhani watu wawili wanaopendana kimya kimya kwa miaka miwili wanaweza kutazamana Ijumaa kumi na tatu bila mapenzi kuzidi, basi hujawahi kupenda.

Wiki mbili zilizopita Hamoudi ndipo aliposema lililokuwa likimla. Eda ikiisha, mama anakwenda naye Maskati. Ameshatoa neno kwa dada yake mkubwa anayeishi huko, Bi Ahlam, kwamba Hamoudi atamwoa binti yake, Lujain. Shufaa alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia safari njema, akaingia nyuma ya pazia la kupigia picha za pasipoti akalia mpaka pua ikaziba.

Sasa Hamoudi alikuwa amesimama mbele yake, na hakuwa na sura ya safari.

"Mama ameisikia hiyo moja iliyobaki," alisema. "Baba anazungumza na mzee wako. Anasema mimi nakutaka wewe na yeye ameridhia. Mama akaizima. Akatafuta nyingine, hakuna. Anasema umefuta sauti zote za mume wake, ukamwachia ile inayokufaa wewe."

"Na wewe unasemaje?"

Hamoudi alitazama sakafu. "Mimi nakuuliza."

"Huniulizi, Hamoudi. Umeingia bila salamu. Umeshajibu."

"Shufaa, nimemwona mama yangu akitafuta sauti ya baba kwa kidole, kitufe baada ya kitufe, kama anayetafuta sindano. Ungemwona wewe ungeingia dukani kwa mtu ukiwa na salamu?"

Hapo hasira ya Shufaa ikaishiwa nguvu. Alifunika uso kwa viganja, akajirudisha jana alasiri, Hamoudi ameshamwachia CD aikague mara ya mwisho, akiwa peke yake mbele ya mashine. Aliona tena lile dirisha dogo ambalo programu hulifungua kila ukitia CD iliyokwisha kuandikwa, ikikuuliza uendelee na vilivyomo au uanze orodha mpya. Mara zote za nyuma alijibu sawasawa. Jana hakumbuki alibonyeza wapi.

"Ziko," alisema ghafla.

"Nini kiko?"

"Sauti. Hazijafutika. CD hizi zikishachomwa hazifutiki, ndivyo zilivyotengenezwa. Kila nikiongeza, mashine inaandika fungu jipya mbele ya yale ya zamani, halafu inaandika orodha ya yote yaliyomo. Redio inasoma orodha ya mwisho tu. Jana sikuiambia ichukue orodha ya nyuma, ikaandika jina moja. Redio imeona jina moja ikadhani ndiyo yote."

"Una hakika?"

"Kama haijakwaruzwa."

"Mama alitaka kuivunja. Alishaikunja mikononi, nikamshika."

"Imepata ufa?"

"Sijui. Hakuniruhusu niiguse tena. Kasema uje uichukue mwenyewe, uone alivyobaki."

Shufaa alianza kufungasha laptopu, waya, na CD mpya tatu. Alitia waya begini, akautoa, akautia tena, na Hamoudi akaona.

"Imekuwaje ukakosea?" aliuliza, safari hii kwa sauti yake ya siku zote. "Wewe hukosei."

"Nilikuwa nalia," Shufaa alijibu bila kumtazama. "Baba alinipa simu yake jana mchana. Kumbe sauti ile alikaa nayo miezi minne yote. Kasema mjane hasumbuliwi na habari za posa, lakini eda inakwisha na neno la mume ni haki ya mke, aisikie yeye kabla ya mtu mwingine. Sikuwa najua lililomo. Nikamsikia mzee wako ananitaja jina. Ungetaka nione vizuri kitufe?"

Hamoudi alinyoosha mkono amsaidie begi, Shufaa akalivuta upande wake.

Walikwenda kama inavyopasa, yeye mbele, Shufaa nyuma kwa hatua ishirini, ili mtu asipate umbeya wa kupeleka. Shufaa aliifuata ile kanzu nyeupe kichochoro kwa kichochoro, akawaitikia wenye baraza, akawakwepa bodaboda, na njia nzima alikuwa akiomba dua moja tu. Hakuomba aolewe. Aliomba CD isiwe na ufa.

Bi Khairat alikuwa amekaa kitandani, mgongo umenyooka, kanga mbili nyeupe, uso mtupu usio na wanja. Alikuwa mwanamke mzuri bado, na uzuri wake ulikuwa wa kutisha kidogo, wa mtu aliyezoea kusikilizwa. CD ilikuwa mapajani mwake, ndani ya kifuko chake cha karatasi. Hamoudi alikaa chini karibu na kizingiti, ndani hayumo na nje hayupo.

"Shikamoo, Bi Khairat."

"Marahaba. Kaa."

Shufaa alikaa kwenye mkeka.

"Binti Msabaha, nilikupa amana."

"Ulinipa."

"Nilikwambia nini?"

"Nisibakishe hata sauti moja kwenye mashine yangu."

"Ukabakisha?"

"Sikubakisha, Bi Khairat."

Mama yule alitikisa kichwa polepole. "Leo natamani ungekuwa mwongo. Ungekuwa mwizi wa sauti ya mume wangu ningekutukana, ningekulaani, lakini ningekuwa nayo. Wewe umekuwa mwaminifu ukaniacha mikono mitupu."

"Nimekosea, sikatai. Naomba unipe hiyo CD, nakuahidi..."

"Usiniahidi. Kwanza nijibu. Jana ulipoiweka sauti ile, ulitaka nini?"

Hamoudi alikohoa kizingitini, kikohozi cha kumwonya mtu. Shufaa alikisikia akakipuuza. Angeweza kusema kwamba yeye ni mchomaji tu, kaletewa kapeleka. Lakini macho yale yalikuwa yakimngoja aseme uongo.

"Nilitaka uisikie," alisema. "Nilitaka sana. Hata baba angenikataza, ningeipeleka kwa wizi."

"Alaa!"

"Ila sikufuta kitu, Bi Khairat. Kwa haki ya mama yangu aliye kaburini, sikufuta."

Bi Khairat alimtazama muda mrefu, kisha akamnyooshea CD. Shufaa aliipokea kwa mikono miwili, akaitoa kwenye kifuko, akaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Karibu na tundu la katikati palikuwa na mstari mweupe, mwembamba, urefu wa punje ya mchele. Alijikaza kisabuni, akaitia kwenye laptopu, akasukuma kidroo.

Mashine ikaanza kuvuma, ikanyamaza, ikavuma tena. Mtu asiyejua kazi hii hawezi kuielewa ile subira. Hakuna unaloweza kufanya zaidi ya kusikiliza, na kila mlio unajiuliza kama ni wa heri au wa shari. Kwenye kioo likatokea jina moja. Shufaa alifungua programu ya kuchomea, akaomba kuonyeshwa mafungu. Yakaja kumi na nne, yamepangana toka la kwanza. Akachagua la kumi na tatu, la Ijumaa iliyotangulia. Mashine ikavuma, ikakwama, ikatoa mlio wa kukereza, ikarudia.

"Vipi?" Hamoudi aliuliza.

"Nyamaza," mama yake na Shufaa walisema kwa pamoja.

Kisha majina yakamiminika kiooni, mstari chini ya mstari, kama Hamoudi alivyoyaandika mwenyewe Ijumaa baada ya Ijumaa. *Habari za asubuhi. Dawa ya goti. Mchele wa Fukayosi. Mchuzi. Anacheka. Mvua huku.* Shufaa aliyahesabu kwa kidole, akayahesabu tena. Arobaini na moja. Machozi yalimtoka bila kumwomba ruhusa, na bila kugeuka akabonyeza moja.

Chumba kikajaa sauti ya mwanamume mzee mwenye pumzi fupi. "Hamoudi, mwambie mama yako ule mchuzi alionitumia jana ulizidi chumvi. La, la, usimwambie. Mwambie ulikuwa mzuri, baba kaumaliza wote." Halafu kicheko, halafu kikohozi, halafu kimya.

Bi Khairat alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Mabega yalikuwa yakimtikisika, na mtu asingejua kama anacheka au analia. Pengine alikuwa anafanya yote mawili. Hamoudi aliinamisha kichwa katikati ya magoti. Shufaa aliwaacha. Alijishughulisha na kuzihamisha sauti moja moja kwenye laptopu, akikaza macho kila ilipofika yenye mkwaruzo, na zote zikatoka salama.

"Nitakuchomea CD mpya," alisema mwishowe, kwa upole. "Hii ya zamani imeumia. Na mpya nitaifunga."

"Kuifunga ndiyo nini?"

"Nikishaifunga haiongezeki tena. Redio yoyote itaisoma, na hatakuja mtu kukosea kama mimi."

"Vizuri. Weka hizo arobaini na moja, ufunge."

"Na ya arobaini na mbili?"

"Nimesema arobaini na moja."

"Mama!" Hamoudi aliinuka.

"Kaa chini. Baba yako ni mume wangu. Nitamsikiliza ninachotaka kumsikiliza."

"Lakini ni maneno yake! Unataka kumkata ulimi kwa sababu kasema usilolipenda?"

"Hamoudi," Shufaa aliita. Alitamka jina hilo kwa mara ya kwanza mbele ya mama yake, na wote watatu waliisikia namna alivyolitamka. "Mwache. CD ni yake."

Moyo wake ulikuwa ukipiga kelele kinyume cha ulimi. Sauti ile ndiyo shahidi pekee aliyekuwa naye duniani. Angeweza kuichomeka humo, mama asijue mpaka wiki ijayo. Aliweka alama kwenye faili za kwanza, akafika arobaini na moja, akaacha. Kidole kikabaki juu ya kitufe.

"Nitafunga kama unavyotaka," alisema. "Ila naomba kwanza uisikilize mpaka mwisho. Asubuhi uliizima katikati."

"Nani kakwambia?"

"Hamoudi. Lakini hata asingesema ningejua. Ungeisikia yote usingekuwa na hasira na marehemu."

Uso wa Bi Khairat ulibadilika. "Hasira na nani?"

Shufaa aliinamisha macho, akajua kwamba amegusa pabaya, na kwamba maneno hayarudi.

"Hasira na nani, binti?" mama alirudia, lakini sauti ilikuwa imeshavunjika. "Miaka thelathini na nane. Hakununua hata mkeka bila kuniuliza rangi. Nikienda choo alijua, akienda choo nilijua. Halafu neno kubwa kama hili, la mtoto wetu mmoja wa kiume, alipeleke kwa Msabaha! Mimi nilikosa nini? Nimelala na kuamka miezi mitatu na sauti yake, namwambia hakuna alichonificha, kumbe kilikuwapo. Kilikuwapo, na mwenye nacho alikuwa jirani."

Huko jikoni birika lilikuwa likichemka bila mtu.

"Iweke," Bi Khairat alisema. "Iweke tuisikie hiyo, kisha nisiisikie tena."

Shufaa alibonyeza.

"Msabaha, asalamu alaykum. Mimi Zayed, bado nimelala na mipira yao ya dawa. Sikia, ndugu yangu. Kijana wangu kanifungulia moyo, anamtaka Shufaa wako. Nimefurahi, wallahi nimefurahi, mtoto yule nimemwona akikua, hana makuu na hana uvivu. Nikitoka hapa nitakuja mwenyewe."

Bi Khairat alifumba macho. Hapa ndipo alipoizima asubuhi. Sauti ikaendelea, imechoka zaidi.

"Lakini nakuomba kitu. Neno hili lisitoke kwako mpaka nimwambie Khairat. Kwenye simu siwezi. Khairat si mtu wa kuambiwa kwa simu. Khairat unamwambia amekaa, umemmiminia kahawa, unamtazama usoni. Ukimwambia kwa simu atasema hapana, halafu atalia peke yake, na mimi sipo. Basi ngoja nirudi. Na Mwenyezi Mungu asiponipa nafasi hiyo, Msabaha, msimbane. Mwachieni yeye. Akikubali, mimi nimekubali. Akikataa, nami nimekataa, na Hamoudi asimnunie mama yake. Mimi kila nilipoamua peke yangu katika nyumba ile niliharibu. Mwulize habari ya lile lori langu lililofia Chalinze." Kicheko kidogo, kikohozi kirefu. "Haya. Nisalimie wa nyumbani."

Bi Khairat alilia. Alilia kama walivyolia wanawake wa zamani, bila kujificha, akijipiga paja taratibu, akimwita mumewe kwa jina. Hamoudi alijisogeza mpaka miguuni pake, akamwegemeza kichwa gotini. Shufaa hakujua ashike lipi. Alikaa pale pale na machozi yake, mgeni katika msiba wa watu, akitamani kuwa mwenyeji.

Kilio kilipopungua, Bi Khairat alijipangusa, akashusha pumzi.

"Ziweke zote," alisema. "Arobaini na mbili. Ufunge."

Shufaa aliongeza ile ya mwisho, akatia CD mpya, akabonyeza, mashine ikaanza kuvuma.

"Hakunificha," mama alijisemea. "Alikuwa ananingojea." Kisha akamgeukia mwanawe. "Ameniachia mimi. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Nikisema hapana, hutaninunia?"

Shufaa alitazama mstari wa kijani kwenye kioo ukisogea taratibu, hakuthubutu kutazama kwingine.

"Sitakununia," Hamoudi alisema. "Nitakwenda Maskati kama ulivyotaka. Lakini Lujain utakuwa umemdhulumu, Mama, maana utampa mtu ambaye moyo wake uko hapa Dunda. Sitamwambia kamwe, na atajua."

Bi Khairat alimpapasa kichwa kama alivyompapasa utotoni. Kisha akamtazama Shufaa kuanzia ushungi mpaka vidole vyenye doa la wino wa printa.

"Nipigie mama yako mkubwa," alisema.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Nikilala juu ya neno hili nitaogopa."

Shufaa alianza kuinuka kwa adabu. "Mimi nisubiri nje, Bi Khairat."

"Kaa. Haya nataka uyasikie kwa masikio yako."

Simu iliita upande wa pili mara nne. Ikapokewa, na zikapita salamu ndefu: hali, miguu, watoto, joto la huko. Bi Khairat aliitikia zote kwa utulivu. Kisha akanyoosha mgongo.

"Dada Ahlam, nimekupigia nikuombe radhi. Lile neno nililokupa kuhusu Hamoudi na Lujain, nalirudisha." Akasikiliza. "La, hajafanya kosa lolote. Ni mtoto mwema, na ni mwanangu." Akasikiliza tena, akaihamishia simu sikio la pili. "Najua. Najua umeshawaambia watu. Najua ulinilipia tiketi... Dada, usiniambie hivyo. Dada, mimi nimefiwa. Nilikupa neno siku ya arobaini, nilikuwa nimechanganyikiwa, nilikuwa natafuta pa kushika. Zayed alikuwa na neno lake kabla yangu, na leo ndiyo nimelisikia. Dada? Dada Ahlam?"

Aliishusha simu, akaitazama.

"Amekata," alisema. "Tangu tumezaliwa, hajawahi kunikatia maneno."

Mashine ikanyamaza. Kidroo kikafunguka chenyewe, CD ikatoka ikiwa na uvuguvugu. Shufaa aliijaribu, akaona majina arobaini na mawili, akazifuta zote kwenye laptopu mbele ya macho ya mwenyewe, akaitia kwenye kifuko kipya na kumpelekea kwa mikono miwili, pamoja na ile ya zamani. Alipiga magoti mbele ya kitanda.

"Bi Khairat, sijui niseme..."

"Usiseme. Na usinishukuru." Mama aliipokea CD, akaiweka kifuani. "Leo nimempoteza dada yangu kwa ajili yako. Huenda akanirudia, huenda asinirudie, namjua. Kwa hiyo ukija nyumba hii, uje ukijua umenigharimu nini. Sitaki uje ukicheka."

"Nitakuja nikijua," Shufaa alisema.

"Eda yangu inakwisha Alhamisi. Mwambie baba yako Ijumaa nitakuja mwenyewe, na goti langu hili. Kahawa amimine yeye."

Shufaa aliinama aubusu mkono wake. Bi Khairat hakuunyoosha, lakini hakuuondoa, na ulikuwa na chumvi ya machozi.

"Haya, nenda, mwanangu," alisema, akageuza uso ukutani. "Nenda na wewe, Hamoudi, umtoe. Niacheni nimlilie dada yangu."